Lang'ata na Kibra: matokeo ya ubunge ya kabla na baada ya 2013 yalinganishweje?

jedwali_la_kura:
Naandaa jedwali la matokeo ya ubunge wa Lang'ata, Nairobi, kuanzia 1992 hadi 2022, pamoja na ramani yake. Mpaka 2007 hakuna tabu: mbunge ni Raila Odinga uchaguzi baada ya uchaguzi. Nikifika 2013 mstari unakatika. 2017 kiti kinachukuliwa na Jubilee, 2022 kinarudi ODM. Anayetazama mchoro bila maelezo atadhani wakazi waligeuka usiku mmoja. Najua Kibra ilimegwa kutoka Lang'ata, ila sijui nilionyeshe vipi hilo. Nijumlishe Lang'ata na Kibra za leo nipate Lang'ata ya zamani? Na safu ya chama niijaze vipi, maana kila mwaka naona jina jipya?

mpaka_na_kigingi:
Anza na sheria, ndipo ramani itaeleweka. Katiba ya 2010, Kifungu cha 89, iliweka maeneo bunge 290 badala ya 210. Ukigawanya watu 38,610,097 wa sensa ya 2009 kwa 290 unapata 133,138; hicho ndicho kipimo cha watu kwa kila eneo bunge kilichotumika. Miji mikuu na maeneo yenye watu wachache yanaruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 40, kwingineko ni asilimia 30. Kwa Nairobi, basi, eneo bunge lilipaswa kuwa kati ya watu 79,883 na 186,393.

Sasa tazama: maeneo ya Lang'ata na Kibra ya sasa yalihesabiwa pamoja watu karibu 355,000 mwaka 2009. Hiyo ni zaidi ya vipimo viwili na nusu. Wakati huo wengi walilisoma suala hili kisiasa, lakini kwa hesabu hiyo lisingeweza kubaki eneo bunge moja hata kama hakuna mwanasiasa aliyetaka ligawanywe. Nairobi nzima ilitoka maeneo bunge 8 ikawa na 17. IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, ilichapisha mipaka hiyo Machi 2012, ikaanza kutumika katika uchaguzi wa 4 Machi 2013.

Lang'ata ni eneo bunge nambari 277, lenye wadi za Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise (nambari 1381 hadi 1385). Kibra ni 278: Laini Saba, Lindi, Makina, Woodley/Kenyatta Golf Course na Sarang'ombe (1386 hadi 1390). Tumia nambari, usitumie majina. Utakuta "Langata" na "Lang'ata", "Kibera" na "Kibra", "Mugumoini" na "Mugumo-ini", na programu yako ya kuunganisha majedwali itayaona kama maeneo tofauti.

Kuhusu kujumlisha: ndiyo, kwa makadirio tu, na uandike hivyo chini ya mchoro. Wadi za 2012 hazikuchorwa juu ya zile za udiwani wa zamani mstari kwa mstari. Woodley/Kenyatta Golf Course ndiyo ya kukagua kwanza: chukua orodha ya vituo vya 2007 na ya 2013, uone kila shule au ukumbi ulikuwa eneo bunge gani kabla na gani baada. Bila hatua hiyo unaweza kuhamisha kura za watu wa Dagoretti ya zamani bila kujua.

Na huo "mgeuko" wa 2017 usiuite mgeuko. Kura za mtaa wa Kibera, zilizokuwa uti wa mgongo wa kiti cha zamani, zilihamia 278. Lang'ata iliyobaki ni Karen, South C, Nairobi West na mitaa ya nyumba za kupanga kando ya Lang'ata Road, wapiga kura mchanganyiko. Ndiyo maana chaguzi tatu zimeleta wabunge watatu: Joash Olum wa ODM 2013, Nixon Korir wa Jubilee 2017, Phelix Odiwuor (Jalang'o) wa ODM 2022. Kibra katika chaguzi hizo hizo haikutoka ODM: Ken Okoth 2013 na 2017, Peter Orero 2022.

karani_wa_zamani:
Safu ya chama ndiyo inayoangusha wengi. Mtu ni yule yule, Raila, kiti ni kile kile, chama kinabadilika:

1992: FORD-Kenya
Machi 1997 (uchaguzi mdogo): NDP
Desemba 1997: NDP
2002: NARC
2007: ODM

Mwaka 1997 una mistari miwili, na majedwali mengi ya mtandaoni yameuruka mmoja. Raila alipoihama FORD-Kenya alilazimika kuacha kiti, kwa kuwa mbunge aliyehama chama kilichompeleka bungeni alikipoteza. Akarudi kwa wapiga kura kwa tikiti ya NDP, akashinda, kisha Desemba akashinda tena. Kuhusu 2002, NDP ilikwisha kuungana na KANU mwezi Machi mwaka huo, halafu kundi lake likatoka na kuingia muungano wa NARC kupitia chama cha LDP. Ukiandika "NDP" 2002 umekosea, na ukiandika "KANU" umekosea zaidi. Ushauri wangu: weka safu mbili, chama kilichokuwa kwenye karatasi ya kura na muungano, usivichanganye.

2007 iwekee maelezo ya pembeni. Katiba ya zamani ilimtaka rais awe pia mbunge wa kuchaguliwa. Kwa hiyo Raila dhidi ya Stanley Livondo wa PNU hapo Lang'ata haukuwa ubunge wa kawaida: kuanguka pale kungemfungia mlango wa Ikulu hata kama angeongoza nchi nzima. Sharti hilo liliondoka na Katiba ya 2010, ndiyo maana 2013 jina lake halimo kwenye ubunge.

Ukitaka kurudi nyuma ya 1992, kiti kilikuwa cha Mwangi Mathai kuanzia 1974, na Philip Leakey kuanzia 1979. Majina yaweke, asilimia usizichore kwenye mstari mmoja na za vyama vingi. Ushindani ulikuwa ndani ya KANU peke yake, na 1988 mchujo ulifanywa kwa mlolongo, watu wakipanga foleni nyuma ya mgombea. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kupingwa. "Ushindi" wa namna hiyo haulinganishwi na kura ya siri.

jedwali_la_kura:
Asanteni, wakuu. Mawili bado. Uchaguzi mdogo wa Kibra wa 2019 niuweke kwenye mstari mmoja na chaguzi kuu? Na kwa msongamano wa watu, nikitumia sensa ya 2019, Lang'ata inatoka kama kijiji. Nimekosea wapi?

takwimu_tupu:
Uchaguzi mdogo uwekee alama tofauti, usiunganishe kwa mstari. Ulifanyika 7 Novemba 2019 baada ya Ken Okoth kufariki Julai. Imran Okoth wa ODM alipata 24,636, McDonald Mariga wa Jubilee 11,230, Eliud Owalo wa ANC 5,275. Watatu hao pamoja ni 41,141, na rejista ilikuwa na zaidi ya 118,000. Yaani kama theluthi moja ya waliosajiliwa. Siku hiyo hakukuwa na kura ya rais ya kuwavuta watu vituoni, hivyo ukichora idadi ya kura utaona ODM "imeporomoka", na hilo si kweli. Ukilazimika kulinganisha, linganisha asilimia ya kura halali.

Msongamano: hujakosea hesabu, umekosea kigawanyo. Sensa ya 2019 inaipa Kibra watu 185,777 kwenye kilomita za mraba 12.1, zaidi ya 15,000 kwa kila kilomita. Lang'ata ina 197,489 kwenye takriban 217, lakini sehemu kubwa ya hizo ni Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambayo peke yake ni kilomita 117. Toa mbuga kwanza. Hata baada ya hapo Karen yenye viwanja vikubwa itavuta wastani chini, kwa hiyo chora kwa wadi. Kwenye ramani ya rangi usipake eneo bunge zima rangi ya mshindi. Jicho litaona simba na swala wamempigia kura mbunge. Tumia vidoa vyenye ukubwa unaolingana na kura.

Tena, takwimu hizo ni za kaunti ndogo za utawala. Sensa ya 2019 iligawa Nairobi kaunti ndogo 11, maeneo bunge ni 17. Jina "Lang'ata" lipo pande zote mbili, mpaka si lazima uwe mmoja. Jumlisha kuanzia ngazi ya chini kabisa unayoweza kupata.

Kwa vituo: 2017 kila kituo kiliwekewa kikomo cha wapiga kura 700, na shule moja ikawa na vituo kadhaa, kila kimoja na fomu yake. Usilinganishe "kituo" cha 2013 na cha 2017. Jumlisha vyote vya shule hiyo kwanza. Fomu nazo zilibadilika. 2013 Fomu 35 ilikuwa ya vituo kwa chaguzi zisizo za rais, na 36 ya tangazo la eneo bunge. Tangu 2017 ubunge ni 35A kituoni na 35B kwenye kituo cha kujumlishia. Ukitafuta 36 ya 2017 ukidhani ni ya ubunge utapotea.

mpaka_na_kigingi:
Nyongeza ya majina. South C iko Lang'ata, South B iko Starehe. Wadi inayoitwa Ngei iko Mathare. Ngei ya Lang'ata ni mtaa tu. Na Nyayo Highrise, ingawa imegusana na Kibera, kwenye kura ni 277.

Kuhusu mipaka yenyewe: Katiba inataka ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12. Muda huo uliisha Machi 2024 tume ikiwa haina makamishna. Kwa sensa ya 2019 kipimo kimepanda hadi 164,015 na kikomo cha juu cha miji ni 229,621, kwa hiyo si Lang'ata wala Kibra inayolazimika kugawanywa tena kwa idadi ya watu. Hata hivyo weka safu ya "toleo la mipaka" kwenye jedwali lako sasa, ukiandika 2012 kwa chaguzi zote tangu 2013. Kuiongeza baadaye ukiwa na vituo mamia ni kazi ya wiki.