Dola 12,000 kwa mbio za dragi: gari la kila siku, gari la milango lililokwisha kutengenezwa, au dragsta?

Mkaazi_Dallas
Habari zenu, ndugu zangu. Ninaishi karibu na Dallas, na baada ya kwenda mara kadhaa kutazama mbio pale Texas Motorplex, Ennis, nimeamua kuingia katika mbio za dragi za ridhaa, yaani magari mawili kushindana kwenye njia fupi iliyonyooka. Nazungumzia zile za breketi, ambamo kila dereva hutangaza muda anaotarajia kumaliza, na mwenye gari la polepole huondoka kwanza. Nimetenga dola 12,000 kwa msimu wa kwanza, ununuzi wa gari ukiwa ndani ya hesabu hiyo. Naweza kutumia Mustang yangu ya mwaka 2016 ninayoendea kazini, ambayo humaliza robo maili kwa takriban sekunde 13. Naweza kununua gari kuukuu la milango, yaani lenye bodi kama ya gari la kawaida, ambalo mtu amekwisha kulitengeneza kwa mbio, la sekunde 10 na nusu. Au nitafute dragsta iliyotumika, lile gari refu jembamba linaloundwa kwa mbio hizi tu, ya sekunde 8 hivi. Bei za kununua nimeziona kwenye matangazo. Ninachoomba ni ulinganisho wa gharama za kukimbia.

FundiKabureta
Ndugu, kabla hujalinganisha magari, linganisha ngazi za muda, kwa kuwa gharama haipandi kidogo kidogo kadiri unavyoongeza kasi, bali hupanda kwa mkupuo kila unapovuka ngazi. Kwa kanuni za NHRA, chama cha mbio za dragi ambacho viwanja vingi vya Marekani hufuata kanuni zake, ukishuka hadi sekunde 13.99 kwenye robo maili lazima uvae helmeti iliyoidhinishwa. Kwa gari kuukuu, ukifika 11.49 unatakiwa kuwa na bomba la kumkinga dereva gari linapobiringika, pamoja na mikanda ya mbio. Ukifika 9.99 unadaiwa kizimba kamili cha mabomba, leseni ya mashindano inayotanguliwa na uchunguzi wa daktari, na ukaguzi wa fremu unaorudiwa kila baada ya miaka 3. Mikanda nayo huisha muda wake baada ya miaka 2, hata kama gari lilikaa gereji msimu mzima bila kuguswa.

Kwa hiyo Mustang inakudai helmeti tu. Gari la sekunde 10 na nusu liko ngazi ya kati, na ukilinunua likiwa kamili, mabomba hayo amekwisha kuyalipia mwenzio. Dragsta iko ngazi ya juu kabisa, na kwa fedha ulizotaja naogopa utapata fremu isiyo na injini.

Jambo la pili ni kwamba katika breketi kasi hailipwi. Ukitangaza 13.20 na mpinzani akatangaza 10.50, taa yako ya kuondokea inawaka sekunde 2.70 kabla ya yake, na yeyote anayemaliza chini ya muda aliotangaza hushindwa, isipokuwa mwenzake naye amekosea zaidi. Fedha ya maana ni ile inayolifanya gari lirudie muda uleule alasiri nzima. Ndiyo maana giaboksi ya Powerglide, yenye gia 2 tu na iliyoacha kutengenezwa na General Motors mwaka 1973, bado inapendwa: ina gia chache, hivyo mambo ya kubadilika ni machache.

Nuru_Columbus
Kaka FundiKabureta amesema kweli, lakini trela ameiruka. Mimi na mume wangu tuna gari la milango, na kinachotuumiza si lenyewe. Ni pikapu ya kulivuta, matairi ya trela, mafuta ya kwenda na kurudi, na bima ya vyote hivyo. Kaka wa Dallas, kama huna pikapu, njia ya pili na ya tatu zimekwisha kula bajeti yako kabla hujalipa kiingilio. Mustang inajiendesha yenyewe hadi uwanjani. Hatari yake ni kwamba bima za kawaida za magari haziligharimii gari lililoharibikia kwenye mashindano, na difu ikivunjika Jumamosi, Jumatatu unakwenda kazini na nini?

Aliko_M
Mafuta nayo yasisahaulike. Magari mengi ya ngazi ya juu hutumia methanoli, ambayo kwa galoni ni nafuu kuliko petroli ya mbio, ila injini hunywa takriban mara mbili. Faida yake ni kwamba injini haichemki haraka, hivyo muda hautikisiki kati ya raundi na raundi. Hasara ni kwamba hula aluminiamu, na baada ya mbio inabidi kusafisha mfumo wa mafuta. Mustang itakunywa petroli ya kituoni tu.

MzeeWaHesabu
Wanangu, naona zawadi haijaguswa. Tuchukue mfano wa magari 64, kiingilio dola 60, mshindi dola 1,500. Kushinda kunahitaji raundi 6 mfululizo. Kama madereva wote wanalingana, nafasi yako ni 1 kati ya 64, na thamani ya kiingilio chako, tukiacha zawadi ndogo za walioishia nusu fainali, ni kama dola 23. Sasa tuseme umejifunza hadi unashinda raundi 6 katika kila 10. Nafasi yako inapanda hadi karibu asilimia 4.7, na thamani inakuwa dola 70. Yaani dereva mzuri kweli anarudisha kiingilio na dola 10 za chai, kabla ya kuhesabu matairi. Hata kwenye mashindano makubwa, kama lile la dola milioni lililoanzishwa na George Howard huko Alabama mwaka 1996, ni kawaida kwa waliobaki raundi za mwisho kukubaliana kugawana zawadi, kwa kuwa hakuna anayetaka kuikosa yote kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Madaraja ya juu, yanayoruhusu vifaa vya kielektroniki vya kuchelewesha uondokaji ili ulingane na taa, kwa kawaida hulipa zaidi, lakini huko utakutana na watu walioanza utotoni.

Mkaazi_Dallas
Nashukuru sana, na shikamoo Mzee. Pikapu sina. Basi msimu huu nitakwenda na Mustang kwenye usiku za mazoezi na daraja la magari ya barabarani, nijifunze kuondoka na taa, kwa sababu taa za njano zinazofuatana kwa nusu sekunde ni zilezile kwa gari lolote. Fedha zinazobaki naziweka kwa ajili ya gari la milango. Nikienda kulikagua, nianze na nini?

FundiKabureta
Omba daftari la mikimbio. Muuzaji asiye na rekodi za muda na hali ya hewa anakuuzia rangi. Kisha omba chujio la oili likatwe mbele yako, mtazame kama kuna vipande vya chuma.

Nuru_Columbus
Na usome tarehe kwenye lebo za mikanda kabla hamjataja bei. Ikiwa imepita, bei ya mikanda mipya itoke kwake.