Granada Hills Charter, Los Angeles: ni shule ya serikali au ya binafsi? Kijana ametoka Form One

Mama Tegeta

Habari zenu wana jukwaa. Kijana wa miaka 14 amemaliza Form One Dar, shule ya msingi alisoma ya serikali. Anahamia kwa baba yake mdogo San Fernando Valley mwezi wa kwanza. Huko wanatajiwa Granada Hills Charter. Wengine wanasema ni ya kulipia, wengine wanasema ni bahati nasibu, wengine wanasema inachukua watoto wa mtaa tu. Naomba mnieleze ikoje hasa, imetoka wapi, maisha ya wanafunzi yakoje, na ni makaratasi gani nimfungashie kabla hajapanda ndege. Wanafunzi zaidi ya elfu nne kwenye shule moja, hilo ndilo linalonitisha.

Kobe wa Valley

Dada, ni shule ya umma na ada hakuna. Inaendeshwa kwa fedha za jimbo la California kwa kila mwanafunzi. Neno "chata" (charter) linahusu namna inavyojiendesha: ina kibali cha kujitegemea badala ya kuongozwa na wilaya ya elimu.

Ilifunguliwa 1960 kama sekondari ya kawaida chini ya wilaya ya elimu ya Los Angeles, LAUSD, wakati bonde lile lilikuwa linajaa nyumba mpya. Mwaka 1992 California ikapitisha sheria ya shule za chata, ikiwa jimbo la pili baada ya Minnesota. Kuna njia mbili za kuipata chata. Unaanzisha shule mpya kutoka sifuri, au walimu wa shule iliyopo wanaomba igeuzwe, na hapo sheria inataka saini za angalau nusu ya walimu wa kudumu. Mwaka 1993 shule ya msingi ya Vaughn pale Pacoima ikageuzwa. Granada Hills ikafuata kama chata huru mwaka 2003, mwaka uleule Palisades nayo ilipojitegemea. Birmingham ikaja 2009, El Camino Real 2011. Hizi nne za mwisho ni sekondari kubwa za kitongojini zilizochoka kungoja makao makuu ya wilaya yaamue nani aajiriwe na fedha zitumikeje.

Kwa hiyo leo Granada Hills ina bodi yake, bajeti yake na ajira zake. LAUSD imebaki na kazi ya kutoa kibali na kukikagua kila kinapofika wakati wa kuhuishwa, kawaida miaka mitano, na inaweza kukinyima. Vikao vya bodi viko wazi kwa yeyote. Miaka ya karibuni wameongeza na madarasa ya chini kuanzia chekechea, kwenye kampasi nyingine barabara ya Devonshire. Sekondari yenyewe ipo Zelzah Avenue.

Sasa hayo mambo ya bahati nasibu na mtaa. Wanaokuambia yote mawili wako sahihi. Shule iliyogeuzwa inatakiwa kisheria kutoa kipaumbele kwa wanaoishi ndani ya mipaka yake ya zamani. Nafasi zinazobaki, waombaji wakizidi, zinachezeshwa hadharani. Bahati nasibu hiyo ina dirisha lake la maombi miezi kadhaa kabla ya mwaka wa masomo, ambao huanza Agosti. Anayefika Januari kutoka nje ya mipaka ataingia orodha ya kungojea, basi. Kwa hiyo kila kitu kinategemea anwani ya huyo baba mdogo.

Na hapa ndipo watu wanapopigwa. Kuishi "Granada Hills" hakutoshi. Mpaka unapita mtaa kwa mtaa, na ndani ya Granada Hills hiyohiyo kuna sekondari nyingine, Kennedy, yenye eneo lake. Northridge nayo imegawanyika. Kabla hamjasaini mkataba wa pango, ingizeni namba ya nyumba kwenye ukurasa wa LAUSD wa kutafuta shule ya makazi, halafu pigeni simu ofisi ya uandikishaji wathibitishe. Neno la dalali msilitumie kama ushahidi.

Mwalimu Sizya

Nikae kwenye makaratasi, maana hapo Watanzania wengi hupoteza muhula mzima bila sababu.

Kwanza ripoti za Form One, mihula yote, zenye mhuri na saini ya mkuu wa shule, na juu yake barua inayoeleza viwango vya alama. Barua hii wengi huiacha. Kwetu A inaanzia 75, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64. Marekani 68 ni D na 55 ni F. Mtoto mwenye B nzuri ya Hesabu, karani akiona "68" peke yake, anamwandikia D. Na vyuo vikuu vya California vinataka C kwenda juu kwa kila somo la orodha yao ya masomo 15. Karatasi moja ya mkuu wa shule inazuia balaa hilo.

Pili, muhtasari wa masomo. Kwetu Biolojia, Kemia na Fizikia vinasomwa pamoja miaka minne. Kule kila kimoja ni kozi ya mwaka mmoja. Wakiona "Biology, Form One" wanaweza kumpa kozi nzima ambayo hajaisoma, au wasimpe chochote. Hesabu ndiyo ngumu zaidi: wao wanapanga Algebra ya kwanza, Jiometria, Algebra ya pili, mwaka mmoja mmoja, wakati Basic Mathematics yetu inachanganya vyote. Ombeni jaribio la kumpanga, msikubali akisiwe. Akiwekwa chini sana hafiki Kalkulasi darasa la 12, mwaka wa mwisho. Akiwekwa juu sana anaanguka wiki ya tatu.

Tatu, anaingia katikati ya mwaka. Kila somo la muhula linampa krediti 5 (pointi za kuhitimu), kwa hiyo mwenye masomo sita amekosa krediti 30 za muhula wa kwanza wa darasa la 9. Zile ripoti za Form One ndizo zinazoweza kuziba hilo pengo. Zisipotambuliwa, atalipa kwa masomo ya kiangazi.

Nne, na hili nakuomba ulishike: mletee vyeti na ripoti za darasa la 6 na la 7. Chuo Kikuu cha California kinadai miaka miwili ya lugha isiyo Kiingereza, lakini mwanafunzi aliyesoma rasmi angalau miaka miwili, kuanzia ngazi ya darasa la 6, katika shule isiyofundisha kwa Kiingereza anahesabiwa ametimiza. Shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili. Mtoto wenu ana sharti hilo mfukoni, mradi awe na karatasi. Mshauri wa masomo alithibitishe mapema, asingojee darasa la 12.

Kwenye fomu ya lugha ya nyumbani andikeni ukweli, Kiswahili. Ndani ya siku 30 atapimwa Kiingereza kwa mtihani unaoitwa ELPAC. Kuna wazazi wanaoandika Kiingereza ili kukwepa, halafu mtoto akikwama hana haki ya msaada. Ila mjue pia upande wa pili: akiwekwa kwenye kundi la wanaojifunza Kiingereza, somo la nyongeza la lugha linakula nafasi ya somo la hiari, na kutoka humo kunahitaji mtihani, maoni ya mwalimu, mashauriano na mzazi na ufaulu mwingine. Kwa hiyo mwambie asiende kwenye ule mtihani amechoka na safari. Asubuhi ya kule ni usiku wa Dar.

Hali ya uhamiaji shule haiulizi. Mahakama Kuu ya Marekani ilishaamua 1982 kwamba shule ya umma haiwezi kumfungia mtoto mlango kwa sababu hiyo. Watataka ushahidi wa umri na wa makazi: bili ya umeme au mkataba wa pango. Kama analelewa na baba mdogo, kuna fomu ya kiapo ya mlezi.

Nesi Pwani

Naongezea chanjo, hazijatajwa. California ilifuta 2015 msamaha wa mzazi kukataa kwa imani yake binafsi, kwa hiyo bila kadi hakuna darasa. Kadi ya kliniki ya Tanzania itaonyesha polio, homa ya ini B ndani ya ile ya mchanganyiko, na surua-rubella. Zitakazokosekana mara nyingi ni tatu: tetekuwanga dozi mbili, matumbwitumbwi (yetu ni surua na rubella tu), na ile ya kuongeza nguvu ya pepopunda, dondakoo na kifaduro inayotolewa baada ya miaka 7. Kwa umri wake dozi mbili za tetekuwanga zinaachana wiki nne. Akishapata ya kwanza anaweza kuanza shule kwa masharti huku akingojea ya pili. Kosa ni kufika siku ya kwanza bila hata moja. Kadi ikiwa imechakaa, waombe kliniki waiandike upya wakati bado mko Dar.

Kobe wa Valley

Maisha ya shule sasa. Hakuna bweni, mtoto analala nyumbani. Hakuna mkondo wa wanafunzi 45 wanaokaa chumba kimoja mwalimu akiwafuata, kengele inalia na wanafunzi ndio wanaohama. Dakika chache za kutoka jengo moja hadi jingine katikati ya watu zaidi ya elfu nne. Mwenye kuhama hivyo hana "darasa letu", na ndiyo sababu mgeni anaweza kumaliza mwezi bila rafiki. Dawa yake ni klabu au timu wiki ya kwanza, sio ya sita.

Wanaitwa Highlanders, mambo yao yote ni ya Uskoti, hata gazeti la wanafunzi linaitwa The Plaid Press. Uwanja una jina la John Elway, aliyemaliza hapo 1979 kabla ya kuwa nyota wa Denver Broncos, timu ya futiboli ya Kimarekani.

Lakini fahari kubwa pale ni Academic Decathlon, mashindano ya kitaaluma ya vipengele kumi: masomo saba, insha, hotuba na usaili. Walishinda taifa zima 2011, 2012 na 2013 mfululizo, na tena 2015. Timu ni watu tisa: watatu wenye wastani wa A, watatu wa kati, na watatu wenye wastani wa chini ya 3.2 kwa kipimo cha 4. Alama mbili bora za kila kundi ndizo zinazohesabiwa, jumla ya juu 60,000. Ona ujanja wake: makocha wanahangaika kuwatafuta werevu wavivu, maana A za watu wa A kila shule inazo.

Nyuki Mkali

Mmesifia sana. Ukubwa una bei yake: mshauri mmoja wa masomo ana mamia ya wanafunzi, na kijana asiyebisha hodi hapati kitu. Ratiba ikija na kosa, kwa mfano hakuna maabara au Hesabu imerudiwa, dirisha la kubadilisha ni la siku chache mwanzoni mwa muhula.

Na chata si jambo lililokubaliwa na wote. Walimu wa Los Angeles walipogoma siku sita Januari 2019, ukuaji wa shule za chata ulikuwa moja ya hoja zao, kwa sababu kila mtoto anayehama anahama na fedha zake. Mwaka huohuo jimbo likakaza sheria ya kutoa vibali.

Michezo: anahitaji wastani wa 2.0 na kupimwa na daktari. Pia muda wa kucheza ni mihula minane mfululizo tangu alipoingia darasa la 9 mara ya kwanza. Mkikubali arudishwe nyuma ili apate krediti, mwaka wa mwisho anaweza kuukosa uwanjani.

Mama Tegeta

Asanteni sana, nimeanza na barua ya mkuu wa shule leo. Mawili tu: usafiri upo? Na michango?

Kobe wa Valley

Shule ya chata hailazimiki kuleta basi, isipokuwa kwa wenye mahitaji maalumu yaliyoandikwa kwenye mpango wao. Ulizeni ofisini kama wamo kwenye mpango wa kadi za bure za mabasi ya Metro kwa wanafunzi.

Michango ni ya hiari, na sheria ya 2012 iko wazi. Sare ya timu, vifaa vya maabara, nafasi ya kwenye bendi, hakuna anayeruhusiwa kumzuia mtoto kwa sababu hamkutoa. Wakileta fomu yenye kiasi na tarehe ya mwisho, someni maandishi madogo chini, neno "hiari" litakuwa hapo. Lisipokuwepo kuna utaratibu wa malalamiko, na shule inatakiwa kurudisha hela.