Ng'ombe wanavuka Namanga, bibi havuki: uraia wa dunia una maana?

Dereva_Longido:
Wakuu, naendesha Noah ya Arusha–Namanga mwaka wa 9 huu. Wiki mbili zilizopita nilimbeba bibi wa Longido anakwenda Bisil, upande wa Kenya, kumzika mdogo wake. Hati ya kusafiria hana. Hakuvuka. Alikaa siti ya mbele, kanga imemfunika mdomo, anatazama ng'ombe wakikatiza nyikani kwenda Kenya bila kuulizwa lolote. Mimi nikakosa neno la kumwambia.

Usiku nikasoma habari za Garry Davis, Mmarekani aliyeukana uraia wake Paris mwaka 1948, akajitangaza raia wa dunia, Novemba akakatiza kikao cha Umoja wa Mataifa. Mwandishi Mfaransa Albert Camus akamuunga mkono hadharani. Hapo ndipo nimekwama. Camus ndiye wa falsafa ya ubwege (absurdism): Sisyphus, yule wa hadithi za Kigiriki, anapandisha jiwe mlimani, linaporomoka, anaanza upya. Mtu anayesema dunia haitujibu, anamtetea vipi anayeiita dunia nchi yake?

MwalimuMoshi:
Pole kwa msiba wa bibi. Kaka, ubwege wa Camus si kusema hakuna cha maana. Ni pale binadamu anapouliza na ulimwengu ukakaa kimya. Sasa kama juu hakuna anayejibu, wa kumwitikia mwenzako ni nani kama si wewe? Davis alikuwa rubani wa ndege za mabomu Vita vya Pili vya Dunia, ameangusha mabomu kwenye miji ya Ujerumani, na kaka yake amekufa vita hiyohiyo. Hakuwa anacheza. Camus naye kazaliwa Algeria, akaishi Ufaransa, alijua maana ya mipaka.

Sakina_:
Mwalimu, nakuheshimu ila hapo napinga. Davis alichagua kukosa nchi. Hapahapa Arusha, baada ya mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda kufungwa mwisho wa 2015, walibaki wanaume walioshtakiwa hapo ambao wengine waliachiwa huru na wengine wamemaliza vifungo, na hakuna nchi iliyowataka. Miaka wanaishi kwenye nyumba moja. Desemba 2021 wanane wakapelekwa Niger, na mwezi haujaisha wakaamriwa waondoke. Huyo wa namna hiyo umwambie ni raia wa dunia? Atakuuliza alale wapi. Tangazo la haki za binadamu la 1948, ibara ya 15, linasema kila mtu ana haki ya uraia. Mimi nashika hapo: kwanza kila mtu apewe mlango wake, ndipo tuzungumze kuta.

Dereva_Longido:
Dada Sakina, umenigusa. Hata bibi hakuomba mpaka uvunjwe, aliomba siku moja tu ya kuzika. Mwalimu, na lako nimelibeba.

Mjukuu wake kamfuatilia hati ya dharura, imetoka jana. Maziko yalishapita, lakini anataka alione kaburi. Jumamosi saa 12 asubuhi nampitia, siti ya mbele ni yake.