Ripoti za ndege adimu: mwenyeji anadaiwa picha, mgeni anaaminiwa kwa mdomo

Wapenda ndege wenzangu, salaam. Jambo hili nimelivumilia vya kutosha na leo naliweka hadharani. Sitataja kikundi wala mtu. Wahusika wanajijua, na najua wanasoma.

Julai, mdomo wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi. Nyuma ya matuta ya mchanga, kwenye madimbwi yanayobaki baada ya masika, kijana mmoja wa pale alimwona kulastara, ndege wa majini, asiyefanana na wenzake. Kijana huyu kazi yake ni kuvua kamba, na wageni wa ndege wakija ndiye anayewatembeza. Buabua na vitwitwi wa Sabaki anawatambua kwa mwendo tu kabla hajainua darubini. Kamera hana. Ana darubini moja kuukuu na daftari la shule.

Daftari hilo nimelishika mkononi mwangu. Ameandika saa, jua lilikuwa upande gani, umbali wa kukadiria, na kwamba ndege alisimama dimbwi moja na kulastara wawili wa kawaida, kwa hiyo aliwalinganisha wakiwa pamoja. Mdomo mnene kuliko wa wenzake. Mwili umejaa zaidi. Michirizi ya kifuani mipana, kahawia iliyoiva, kama imechorwa kwa makaa, wakati wale wengine michirizi yao ni myembamba na rangi yao imeelekea manjano ya mchanga. Aliporuka mabawa yalikuwa meupe, na kijana akaongeza mwenyewe kwamba hilo halisaidii kitu kwa sababu wote wawili wana mabawa meupe. Pembeni amechora kichwa na mdomo, mara mbili, kwa sababu mchoro wa kwanza hakuuridhia.

Anayewajua Ardeola idae, yaani kulastara wa Madagaska, na Ardeola ralloides, yule wa kawaida, ataelewa mara moja huyu kijana alikuwa anaangalia nini. Kulastara wa Madagaska huzaa Madagaska, Aldabra na Mayotte, halafu kuanzia mwezi wa tano hivi hadi wa kumi huvuka bahari kuja kwetu Afrika Mashariki na Kati. Akiwa kwenye mavazi ya kuzalia ni mweupe mwili mzima na mdomo wa buluu, hata mtoto hamkosei. Shida ni kwamba huku hutufikia akiwa amevaa michirizi, na hapo ndipo hufanana na yule wa kawaida. Yumo kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Kila dimbwi analotua lina maana.

Ripoti ikatumwa kwenye kikundi cha wapenda ndege na maelezo yote. Jibu likaja mstari mmoja: “Hakuna picha. Huyo ni wa kawaida.” Mhakiki, yule anayekubali au kukataa rekodi, hakuuliza hata swali moja. Hakutaka kujua mdomo ulikuwaje, wala mwanga, wala kama kulikuwa na ndege mwingine wa kulinganisha naye. Na yote hayo yalikuwa yameshaandikwa! Sidhani kama aliyasoma.

Baada ya muda akaja mgeni na lenzi ndefu. Nani alimpeleka kwenye dimbwi? Kijana yule yule. Nani alimwonyesha kwa kidole, “yule wa kushoto, angalia mdomo”? Kijana yule yule. Mgeni akapiga picha, akatuma kwa jina lake, na jioni hiyo hiyo rekodi ikakubaliwa. Pongezi zikamiminika kikundini. Aliyemwona wa kwanza, kwa mujibu wa rekodi, ni mgeni. Kijana alipouliza kwa adabu kama ripoti yake ya awali inaweza kuangaliwa upya, aliambiwa asilete ugomvi, kisha akatolewa kikundini.

Mngeniambia sheria ni picha kwa kila mtu, ningenung’unika na kunyamaza. Lakini mwaka huo huo mgeni mwingine aliripoti bundi aliyemsikia tu, usiku, akiwa barazani kwake hotelini. Hakumwona, hakurekodi sauti. Ikapita. Mimi mwenyewe niliuliza sababu nikajibiwa kwamba “huyo bwana ana uzoefu”. Basi semeni wazi kwamba mnachokipima ni mtu!

Sisemi uhakiki ufutwe. Nauunga mkono kuliko wengi wenu. Takwimu hizi zinaingia kwenye ramani kama Kenya Bird Map, ambayo inagawa nchi kwa miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa, na mraba ukishapewa ndege asiyekuwepo, mtafiti atakayekuja kesho atapotea. Nimeona watu wakiripoti ndege kwa sababu programu ya simu imewatajia jina, hawajainua hata macho. Wakataliwe. Nimeona picha zikisambazwa WhatsApp bila tarehe wala mahali, mtu anadai ni za Mida Creek. Zikataliwe pia. Mhakiki asiyekataa kitu hana kazi.

Ila kuhakiki ni kuuliza. Hata eBird, mtandao wa dunia wa kurekodi ndege, ambao mfumo wao humsimamisha mtu papo hapo akiandika ndege asiyetarajiwa, wanapokea maelezo ya maandishi kama ushahidi pale picha inapokosekana. Mwenye picha anaulizwa aliipiga wapi na lini, mwenye daftari anaulizwa aliona nini na alimtofautishaje na anayefanana naye.

Na wanaodhani kitu cha kushikika kinamaliza ubishi wakasome habari za Hastings, Uingereza. Kati ya 1892 na 1930 mamia ya ndege adimu waliripotiwa eneo moja dogo, wengi wao wakipitia kwa fundi mmoja wa kukausha ndege. Ndege walikuwepo mezani, wenye manyoya na miguu. Mwaka 1962 rekodi hizo zilifutwa kwa jumla, kwa sababu hakuna aliyeweza kuamini tena kwamba walipatikana pale walipodaiwa kupatikana.

Halafu yuko Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Uingereza. Sisi Wakenya tunamjua kwa damu: ndiye aliyemuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, mwaka 1905, Koitalel alipokuja kuonana naye kwa mazungumzo ya amani. Kwenye elimu ya ndege alihesabiwa bingwa, na kwa miaka mingi neno lake lilipokelewa. Baadaye ilibainika kwamba aliiba ndege waliokaushwa kutoka makumbusho na kuwabandika vibandiko vyenye mahali na tarehe za uongo. Bundi wa India aitwaye Athene blewitti alidai kumpata Gujarat mwaka 1914. Uongo. Pamela Rasmussen ndiye aliyeufichua, kisha yeye na wenzake wakaenda kumtafuta bundi kwenye maeneo ya rekodi za kweli, na Novemba 1997 wakamwona akiwa hai. Mara ya mwisho kupatikana kwa uhakika ilikuwa 1884. Hayo ndiyo matunda ya “huyo bwana ana uzoefu”.

Upande wa pili mnaujua vizuri, ila hamtaki kuukumbuka. Kwale wa Udzungwa, ndege wa milima ya Tanzania, aligunduliwa na wanasayansi mwaka 1991 baada ya kuona miguu ya ndege wasiyemjua ndani ya sufuria kambini. Kuna watu walikuwa wanamla siku zote! Hapa hapa Kilifi, mazalia ya mnana wa Clarke hayakujulikana kwa sayansi hadi 2013, yalipopatikana kwenye kinamasi cha Dakatcha, na wenyeji wa Dakatcha walikuwemo kwenye msako. Mnakuja kwetu kutafuta ndege, mnatafutiwa, mnaonyeshwa, kisha daftari la aliyewaonyesha mnaliita porojo.

Kijana sasa haandiki tena. Juzi nilimkuta mtoni, nikamuuliza ameona nini wiki hiyo. Akasema ameona, lakini hana sababu ya kumwambia mtu. Mimi limeniuma hilo kuliko ile rekodi. Kuna miezi pale Sabaki hapafiki mtu mwingine yeyote mwenye darubini, naye hupita kila siku anapokwenda kwenye nyavu. Akinyamaza yeye, miezi hiyo haina habari.

Ninachodai ni hiki. Ripoti ya Julai ifunguliwe upya, isomwe, na kijana aandikwe kuwa ndiye aliyemwona wa kwanza. Arudishwe kikundini, na aliyemtoa amwombe radhi mbele ya wote, kwa kuwa alimtoa mbele ya wote. Maswali ya uhakiki yaandikwe na kubandikwa, yawe yale yale kwa kila mtu, mwenye lenzi na mwenye kalamu. Na mgeni akionyeshwa ndege na mwenyeji, jina la mwenyeji liingie kwenye ripoti.

Kurasa za daftari nimezipiga picha kwa ruhusa yake na nitaziweka kwenye jibu la kwanza hapa chini. Mhakiki uliyeandika ule mstari mmoja, zisome, kisha utujibu hapa hapa: ni kipi kati ya alivyoandika kinachomfaa kulastara wa kawaida?