MREJESHO: Prague na watoto kwenye baridi, tumerudi salama

Wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza kama ni akili kupeleka watoto wawili na bi mkubwa (mama yangu) Prague, kule Czech, mwezi wa 12, tukitokea Berlin. Tulienda bana, treni masaa manne na kitu.

Aliyesema niache kigari cha mtoto nyumbani, naomba radhi mkuu, sikukusikia nikakoma, yale mawe ya mji wa zamani nilikisukuma kama mkokoteni wa sokoni. Saa kumi jioni giza tayari, kwahiyo tukawa tunatoka mapema, tunapanda tramu (treni ya mjini) namba 22 mpaka juu kwenye kasri alafu tunateremka kwa miguu mpaka Daraja la Charles.

Ile saa kubwa ya mwaka 1410 kwenye ukuta wa mnara mji wa zamani, kila saa sanamu za mitume zinapita dirishani, bi mkubwa akauliza "ndo hivyo tu?" (alafu kesho yake kataka kurudi).

Kilichomnogea zaidi ni samaki walio hai wanaouzwa barabarani kwenye mabeseni makubwa kwa ajili ya krismasi, akang'ang'ania tununue mmoja, nikamwambia mama tutamkaangia wapi na tuko hotelini? Kaninunia mpaka usiku.