Dogo anataka kuacha chuo aingie drafti ya NBA, mnamshaurije?

KakaMkubwa
Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi. Nimeegesha lori hapa Ohio, nina muda kidogo wa kupumzika, kwa hiyo mnivumilie nikiruka ruka.

Nina mdogo wangu wa mwisho, senta wa kikapu, mita 2.08, miaka 20, mwaka wa pili chuoni huku huku Marekani. Msimu uliopita alikuwa na wastani wa pointi 11 na ribaundi 9. Mitupo huru ndiyo msiniulize: asilimia 54.

Aprili alijiandikisha drafti, pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, kupima upepo tu. Sasa upepo umegeuka kimbunga. Wakala anasema timu zinampenda, atachukuliwa mwisho wa raundi ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili. Kocha wa chuo anapiga kila siku, juzi kamruka dogo na kumpigia mama moja kwa moja. Siku ya mwisho ya kujitoa na kurudi chuoni zimebaki siku sita.

Jumapili nilimkuta sebuleni kwangu amelala sakafuni, maana kochi langu linamuishia magotini. Simu kaiweka kifuani, inapanda na kushuka na pumzi yake. Inatetemeka, hapokei. Nikamuuliza unawaza nini. Akasema, "Kaka, nikivunjika goti Desemba nani atanikumbuka?" Nilikosa jibu. Mama naye ana swali moja tu: huko anakokwenda atalala wapi?

Naomba ushauri, ila msinitukanie dogo kwa hiyo mitupo huru. Nawasilisha.

Ribaundi
Aende! Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu, aliondoka chuo cha UConn 2009 akiwa amebakiza mwaka mmoja, timu ya Memphis wakambeba namba 2. Harden namba 3, Curry namba 7, na hao ndio waliokuja kuwa nyota. Watu wanamcheka Thabeet mpaka leo, mimi namuona alikuwa na akili kuliko wanaomcheka. Ukishakuwa namba 2, mwaka wa nne chuoni utakuongezea nini? Biashara asubuhi, mkuu.

MzeeWaBenchi
Ribaundi, huo ni mfano wa mtu wa namba 2. Dogo anatajwa namba 28 au 38, na katikati ya hizo namba kuna mto wenye mamba.

Timu ni 30. Ukichukuliwa raundi ya kwanza, mkataba una viwango vilivyopangwa na miaka miwili ya mwanzo hela ni ya uhakika, hata ukikaa benchi msimu mzima. Raundi ya pili timu haijajifunga hivyo. Wengi wanaangukia mkataba wa pande mbili, mguu mmoja NBA, mguu mwingine G League, ligi ndogo ya NBA.

Mimi niliondoka mwaka wa tatu, 2014. Enzi zetu NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, walifunga dirisha la kujitoa Aprili, kabla hata ya kambi ya majaribio ya Chicago, kwa hiyo tuliruka gizani. Wakala wangu aliniambia maneno hayo hayo, "timu zinakupenda". Usiku wa drafti chumba kilijaa marafiki. Nilikuwa na suti mpya ambayo mikono iliishia juu ya kifundo. Raundi ya pili majina yanasomwa haraka haraka kama mahudhurio ya shule. Kufika namba 45 watu wakaanza kuangalia simu zao. Namba 60, ya mwisho, ilinikuta jikoni, na rafiki yangu mmoja alikuwa anaosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu, ilimradi asinitazame.

Nikacheza daraja la pili Ulaya misimu miwili, goti likaamua yaliyobaki. Kwa hiyo hofu ya dogo naielewa, simcheki.

Tangu 2016 mambo ni nafuu: unakwenda Chicago kama umealikwa, kisha una siku 10 za kuamua. Ila angalieni, tarehe ni mbili. NBA nao wana siku yao ya kujitoa, siku 10 kabla ya drafti. Hiyo isimdanganye. Ya NCAA ikishapita, asitegemee kurudi.

Je, alialikwa Chicago? Na aliomba tathmini ya kamati ya NBA?

WakiliWaMtaa
Mmesahau viza. Mmarekani akirudi chuoni siku hizi halali njaa. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Ndiyo sababu kubwa waliojiandikisha drafti kabla ya kumaliza chuo walishuka kutoka 353 mwaka 2021 hadi 106 mwaka 2025. Lakini kama dogo yuko kwa F-1, viza ya mwanafunzi, masharti ya kazi yanambana, na hela hiyo anaweza kuishia kuitazama kwa macho.

Oscar Tshiebwe wa Kongo alikuwa mchezaji bora wa vyuo 2022, ribaundi 15 kwa mchezo. Ilibidi timu yake ya Kentucky iende Bahamas, nje ya Marekani, ndipo afanye matangazo yake akiwa huko. Akarudi chuoni mwaka mwingine. Drafti ya 2023 hakuitwa.

Kabla ya wakala, amuone mwanasheria wa uhamiaji.

Ribaundi
Sawa, lakini Zach Edey, Mkanada, naye alikuwa na shida ya viza hiyo hiyo. Alijitoa 2023, akarudi Purdue, 2024 akaenda namba 9. Memphis tena! Hawa watu na wachezaji warefu sijui wana nini.

MzeeWaBenchi
Edey ana mita 2.24, usimfananishe na binadamu. KakaMkubwa, mwambie dogo amuulize wakala swali moja: timu gani, namba ngapi? Akitaja jina la timu, mzungumze. Akianza kuzunguka, mmeshajibiwa.

KakaMkubwa
Asanteni sana wakuu. F-1 ndiyo. Chicago hakualikwa. Tathmini aliomba, barua ilikuja wiki mbili zilizopita, alikuwa kaificha kwenye begi la viatu. Sitaiandika hapa ila raundi ya kwanza haimo.

Jana usiku tulimpigia wakala, simu ikiwa kwenye spika. Dogo akauliza kama ulivyosema, MzeeWaBenchi. Jamaa akasema "timu kadhaa". Dogo akauliza tena, zipi? Akasema "kadhaa, wewe niamini". Dogo akakata, akakaa kimya kama dakika tano hivi, halafu akampigia kocha kumuuliza mazoezi ya kiangazi yanaanza lini, na kama kuna mtu wa kumrekebishia mitupo huru.

Kesho tuna miadi na mwanasheria. Mama bado hatujamwambia.