Visikilizi vya kuzima kelele kwa elfu tano: Oraimo, Redmi au Soundcore?

Wuod_Ahero, Alhamisi saa 2:10 usiku
Habari zenu wakuu. Natafuta visikilizi visivyo na waya, vyenye kuzima kelele. Nimechuja nikabaki na vitatu: Oraimo FreePods 4, Redmi Buds 6 Lite na Soundcore P30i. Kipi ni bora? Nanunua Jumamosi, hela ninayo. Niko Kisumu.

FundiKondele, saa 2:31 usiku
Omera, bora kwa kazi gani? Unatumia simu gani? Bajeti yako inaishia wapi? Na kelele unayotaka kuizima ni ya nini? Injini ni jambo moja, mtoto anayelia chumba cha pili ni jambo lingine kabisa. Ukitujibu hayo tutakusaidia, la sivyo kila mtu atakutajia kile alichonacho sikioni.

Dada_Section58, saa 2:40 usiku
Chukua Soundcore. Ninavyo P30i, navisafiria Nakuru hadi Nairobi kila mwezi. Mngurumo wa basi unashuka mpaka unasahau uko barabarani, na kifuniko cha kikasha kinasimamisha simu ukitaka kutazama filamu. Ila usichanganye na P20i. Vinafanana kwa jina tu, P20i havina kuzima kelele.

Wuod_Ahero, saa 2:52 usiku
Simu ni Tecno. Bajeti ni 5,000, nikijikaza sana 5,500. Kelele ni ya matatu, na ya nyumbani pia.

Mwalimu_Mbale, saa 3:05 usiku
Mulembe. Kijana, "ya nyumbani" ndiyo nini? Na utasikiliza muziki, masomo au simu za kazi? Hayo ndiyo yanayoamua, si jina la kampuni.

FundiKondele, saa 3:20 usiku
Wakati tunamsubiri, niseme jambo ambalo wateja wangu wengi wanalikosea. Kwenye boksi angalia herufi. ANC ndiyo inayozima kelele kwako wewe msikilizaji. ENC inasafisha sauti yako ili mtu wa upande wa pili akusikie vizuri. Ukiwa na ENC peke yake, matatu itanguruma masikioni mwako vilevile. Oraimo FreePods 4 vina ANC, FreePods Lite ni ENC tu. Redmi Buds 6 Lite vina ANC, Redmi Buds 6 Play havina. Muuzaji atakuambia "zote ni noise" na anaamini anachosema, kwa hiyo soma boksi mwenyewe.

BintiBungoma, saa 3:48 usiku
Hapo kwa boksi acha nimalizie, maana mimi boksi nililisoma na bado nililia.

Mwaka jana nilinunua visikilizi katika duka moja la simu mjini. Jina la duka silitaji, na chapa yenyewe ilikuwa ya kunakili. Boksi zito, lina plastiki juu, limeandikwa ANC na 35 dB (desibeli, kipimo cha sauti) kwa herufi za dhahabu. Nikatoa 2,800. Nikibonyeza kulia, sauti ya mwanamke inasema kwa Kiingereza kwamba kuzima kelele kumewashwa. Nikibonyeza tena inasema kumezimwa. Nilikuwa natoka Bungoma kwenda Kisumu, nimekaa nyuma ya dereva, na njia nzima nabonyeza nikisikiliza tofauti. Hakuna. Nikajiambia labda matatu hii ina kelele kupita kiasi. Nyumbani nikavijaribu mbele ya feni. Hakuna. Nikaviweka karibu na friji ya jirani anayeuza soda. Ngurumo ileile, na yule mwanamke bado anatangaza kwamba kumewashwa.

Wiki ya tatu cha kushoto kikakataa kuingia chaji. Nikarudi dukani na risiti. Nikaambiwa waranti ni ya siku saba, na kwamba nimekiingiza maji. Mimi! Nilikuwa navifuta kwa kitambaa kikavu kila jioni. Sikurudishiwa hata shilingi.

Nikakipeleka kwa fundi ninayemwamini, akakipasua kwa wembe mbele yangu. Kwa nje kilikuwa na vitundu viwili. Kimoja kilikuwa na maikrofoni ya kupigia simu nyuma yake. Kile kingine, chenye wavu mdogo mweusi, kilikuwa kishimo tu kwenye plastiki, hakipenyi popote. Ndani, kwenye mdomo unaoingia sikioni, pia hakuna maikrofoni. Kisha akafungua kikasha na kukuta kipande cha chuma kimegundishwa chini ya betri ili kiwe kizito mkononi. Ile sauti ya "kumewashwa" ilikuwa imerekodiwa tu, haikuwa na kitu cha kuwasha.

2,800 kwangu ilikuwa unga wa mwezi na mafuta ya kupikia. Ndugu yangu Wuod_Ahero, usitoe pesa kabla ya kukivaa hapohapo dukani, karibu na jenereta au feni, na kukiwasha na kukizima mara tano.

FundiKondele, saa 4:02 usiku
Pole sana dada. Huyo fundi alikuonyesha ukweli wote. ANC inahitaji maikrofoni inayosikia kelele ya nje. Chipu inatengeneza wimbi la kinyume, mawimbi mawili yanakutana sikioni na kufutana. Vyenye ANC nzuri vina maikrofoni nyingine ndani ya kuhakikisha kazi imefanyika. Pasipo maikrofoni hizo, hakuna cha kufuta.

Na wenye iPhone wanaouziwa AirPods (visikilizi vya Apple) za kunakili: tangu iOS 16, mfumo wa iPhone, simu yenyewe inakuonya kwamba imeshindwa kuthibitisha kuwa ni halisi. Watu wanaifunga ile onyo bila kuisoma.

Jamaa_wa_Njoro, saa 4:15 usiku
Kwa nini hakuna aliyetaja CMF Buds? Vimeandikwa 42 dB na vinastahimili jasho na manyunyu, IP54. Mimi navivaa shambani na kwa basi. Redmi Buds 6 Lite vimeandikwa 40 dB. FreePods 4 viko nyuma, 30 dB. Hesabu iko wazi.

Dada_Section58, saa 4:21 usiku
Hesabu haiko wazi hata kidogo. Hizo dB ni kilele, kiasi kikubwa zaidi walichopata maabara kwenye aina moja ya mngurumo. Haimaanishi kila sauti inashuka 42. Nimevaa vya 40 vya binamu yangu vikanishinda kwa sababu vipira vya kuziba sikio havikukaa sikioni mwangu.

Jamaa_wa_Njoro, saa 4:25 usiku
Kwa vipira nakubali. Kwa CMF sirudi nyuma.

Wuod_Ahero, Ijumaa saa 1:30 asubuhi
Asanteni, nililala mapema. Naeleza yote sasa. Nimepata kazi ya kuandika mazungumzo kutoka rekodi za sauti, nafanyia nyumbani kwa laptop, nalipwa kwa kila dakika ya sauti. Naanza Jumatatu. Nyumba yangu iko Nyalenda, ukuta mmoja na mashine ya kusaga unga. Inaanza saa mbili asubuhi, na ikianza vikombe vinatetemeka mezani. Upande wa pili kuna mafundi wa jua kali wanakata vyuma. Mara mbili kwa wiki naenda Kakamega darasani, Masinde Muliro. Ndiyo hayo.

Mwalimu_Mbale, saa 1:55 asubuhi
Kijana, hili ungelisema jana usiku! Kwa kazi ya kuandika, nunua vya waya. Hakuna chaji ya kukatika katikati ya rekodi, hakuna sauti kuchelewa unapobonyeza kurudisha nyuma, na bei ni robo. Mimi nasahihisha insha za sauti za wanafunzi kwa vya waya, mwaka wa nne sasa.

FundiKondele, saa 2:10 asubuhi
Mwalimu, kwa heshima, waya hauizimi mashine ya kusaga. Na hiyo mashine ndiyo kelele ambayo ANC iliumbiwa: nzito, ya mfululizo, haibadiliki. Hata Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya Bose, wazo la visikilizi vyake vya kuzima kelele alilipata ndani ya ndege mwaka 1978, akitoka Zurich, kwa sababu ya injini. Ila Wuod_Ahero, wale wa kukata vyuma sahau. Ule mlio mkali ni mwembamba na wa ghafla, chipu haiuwahi. Hapo kinachokusaidia ni kipira kuziba sikio vizuri. Usikubali kile cha saizi ya kati kwa sababu tu ndicho kilichovikwa kiwandani. Boksi lina vya saizi nyingine. Vaa, ongea kwa sauti. Ukijisikia kama umeingiza kichwa ndani ya mtungi, kimeziba.

Swali moja: laptop ina Bluetooth?

Wuod_Ahero, saa 2:18 asubuhi
Kusema kweli sijawahi kuangalia. Ni ya mtumba.

FundiKondele, saa 2:20 asubuhi
Angalia leo, kabla ya hela kutoka mfukoni. Kama haina, utahitaji kile kidude kidogo cha USB, na hicho nacho ni pesa.

BodaMamboleo, saa 3:40 asubuhi
Nawasoma tangu jana. Mimi ni mwendesha boda, na kuna jambo hamjalitaja. Wiki mbili zilizopita pale Mamboleo kijana alishuka matatu ya Kakamega, akageuka, akaingia barabarani. Nilipiga honi mara tatu. Hakutikisika. Nilikunja mpaka gurudumu la nyuma likateleza kwenye changarawe, na abiria wangu, mama mjamzito, akanishika mabega kwa kucha. Kijana aliponiona ndipo akatoa hivyo vitu masikioni. Hakuwa na makosa ya ubaya, hakusikia tu. Tafadhali, mkishuka gari toeni, au washeni ile ya kupitisha sauti ya nje. Na ukiwa juu ya boda usivae kabisa.

Jamaa_wa_Njoro, saa 3:58 asubuhi
Pole kaka, mama yuko salama? Na kwa boda hata havisaidii: upepo unapiga zile maikrofoni, unasikia mvumo mbaya kuliko usipovaa.

BodaMamboleo, saa 4:05 asubuhi
Yuko salama, Mungu mkubwa. Nilimfikisha kliniki sikuchukua nauli.

BintiBungoma, saa 4:30 asubuhi
Lakini tuseme ukweli, tunavaa kwa nini? Ni ule muziki wa matatu. Kutoka Kiboswa hadi Chavakali spika iko chini ya kiti chako, mguu unatetemeka. Ukimwomba makanga apunguze anakuambia panda nyingine. ANC haizimi ule muziki, kwa sababu una waimbaji na ngoma za kugongagonga.

Dada_Section58, saa 4:41 asubuhi
Ndiyo maana watu wanaongeza sauti juu ya sauti. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi 80 dB kwa saa 40 kwa wiki. Wuod_Ahero atakaa navyo saa nane kila siku kazini, siku tano, hizo ni saa 40 tayari kabla hajapanda matatu. Kwangu faida kubwa ya ANC ni hiyo: unasikiliza kwa sauti ndogo. Ndugu, usiipeleke juu ya nusu.

Mwalimu_Mbale, saa 4:50 asubuhi
Hilo nalikubali bila ubishi. Wanafunzi wangu wananiomba nirudie maswali na wana miaka kumi na sita.

Wuod_Ahero, saa 11:15 jioni
Nimeangalia laptop. Bluetooth ipo lakini inakatika nikiiweka mbali kidogo na simu iliyounganishwa. Niliazima FreePods 4 za rafiki nikakaa nazo ndani mashine ikisaga. Mngurumo ulishuka sana, vikombe nilikuwa naviona vinatetemeka bila kusikia. Lakini cha kulia kilikuwa kinateleza kila nikitafuna, hata kwa kipira kidogo. Betri sikuipima. Sasa sijui kama tatizo ni FreePods au ni sikio langu.

FundiKondele, saa 11:32 jioni
Ni umbo la sikio. Jaribu Soundcore na Redmi kabla ya kuamua, mdomo wake umeinama tofauti. Pia kuna vipira vya sponji, vinavimba vikishaingia sikioni. Na ukumbuke ANC ikiwaka betri inaisha mapema kuliko ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Kesho niko dukani mpaka saa kumi.

Jamaa_wa_Njoro, saa 11:40 jioni
Na CMF ajaribu.

Dada_Section58, saa 11:44 jioni
Ajaribu zote, ila aanze na Soundcore.

Wuod_Ahero, saa 12:05 jioni
Kesho saa nne nitakuwa Oginga Odinga Street, kisha nipitie Kondele. Nikikosa kitu cha kukaa sikioni nitaanza Jumatatu na vya waya vya mwalimu, nivae juu yake zile kofia za masikio za mafundi vyuma.

Mwalimu_Mbale, saa 12:12 jioni
Hilo pia linafanya kazi. Nilishaliona.

Nyamira_Kijani, saa 3:20 usiku
Samahani kuwaingilia. Nimepoteza kisikilizi cha kushoto cha Redmi Buds 5, nafikiri kilidondoka steji ya Kisii. Kuna mahali Kisumu au Nakuru wanauza kimoja tu, au mwenye cha kushoto kilichobaki baada ya kupoteza cha kulia? Na kikipatikana, kitakubali kuungana na hiki nilichobaki nacho?

FundiKondele, saa 3:37 usiku
Ni cha rangi gani, na kikasha bado unacho?